Nani kamtishia? Tulielewe vizuri neno "threatening"

Shemeji yangu alinipigia simu saa nne usiku, na yeye ni mtu wa heshima zake, hawezi kumpigia dada wa mkewe saa hizo kama hakuna jambo. "Shemeji samahani sana, nimekutumia picha Whatsapp, hebu niangalizie hayo maneno." Nikafungua. Kadi ya kliniki ya mdogo wangu, mimba ya wiki 11, mchana wa siku ile aliona matone ya damu wakakimbilia hospitali, akapimwa, akapigwa ultrasaundi, akaambiwa kapumzike nyumbani na arudi baada ya wiki. Na pale chini, peni ya bluu, mwandiko wa haraka haraka, maneno mawili tu: "Threatened abortion".

Sasa yeye alishayaweka kwenye simu neno moja moja, la kwanza likamletea "kutishiwa" la pili likamletea "utoaji mimba", akaunganisha mwenyewe. "Shemeji, nani kamtishia mke wangu atoe mimba? Au ni yeye alitaka kuitoa wakamgundua?" Nyuma ya sauti yake namsikia mdogo wangu analia, anasema mi si nimeshakwambia sijui, mi nimeona damu tu.

Daktari hakuandika uongo, hilo ndo jina lenyewe lilivyo kwenye vitabu vya udaktari. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na hawa wawili dakika tatu akawaambia kwa Kiswahili hiyo kadi inasema nini, na hilo linaniuma mpaka leo manake ndoa ilikaribia kuingia doa kwa sababu ya kitenzi kimoja cha Kiingereza. Mimi kazi yangu ni kutafsiri, na jioni nafundisha watu wazima Kiingereza, na toka usiku ule hili neno "threatening" na ndugu zake wote nimekuwa nalifuatilia popote linapotokea, kwenye habari, kwenye makaratasi ya ofisini, mahakamani, hospitali. Nilichokiona ni kwamba tunalitafsiri kama neno moja wakati ndani yake kuna mambo mawili ambayo Kiswahili kimeshayatenganisha zamani sana.

Tuanze na lile rahisi. Kuna mtu, ana nia, anasema au anaonyesha kwamba atakudhuru. "He threatened to burn the house", alitishia kuchoma nyumba. "He threatened me with a knife", alinitishia kwa kisu. "Threatening letter" ni barua ya vitisho, "threatening phone calls" ni simu za vitisho. Hapo hakuna shida, "kutishia" inakaa kama pete na kidole.

Shida ndogo inaanzia kwenye hiyo herufi moja, i. Tisha na tishia. Nyoka anatisha, giza linatisha, shimo refu linatisha, lakini hakuna hata kimoja hapo kinachokutishia, kiko tu na wewe ndo unaogopa. Simba akiwa amelala anatisha vilevile. Ila jirani akisimama mlangoni akakuonyesha panga akasema kesho usipite hapa, huyo anakutishia, hata kama we mwenyewe huogopi hata kidogo. Kwa hiyo kutisha kunapimwa kwa yule anayeogopa, kutishia kunapimwa kwa yule anayefanya. Wanafunzi wangu karibu wote hili linawapiga chenga, mtu anaandika "I watched a threatening movie" akimaanisha muvi ya kutisha, nakata kwa peni nyekundu naandika "scary", ananiuliza mwalimu si ni kutisha kulekule? Sio kulekule. Muvi haijakuambia itakufanya nini.

Najua Kenya na sehemu nyingi za pwani mtu anasema tu "alinitisha" akimaanisha kila kitu, alimwogopesha na alimtolea vitisho, na anaeleweka bila tatizo manake anayesikiliza anajua kisa chote. Sio kosa. Ila ukiwa unaandika, au unatafsiri, hiyo i inakuokoa. Na Waganda nao wana kitu cha hivihivi, okutya ni kuogopa, okutiisa ni kutisha, alafu wakitaka kusema kutishia wanalirudia mara mbili, okutiisatiisa, yani kama vile mtu anakuogopesha, anakuogopesha tena.

Sasa njoo kwenye upande wa pili ambao ndo uliomponza shemeji. Mwingereza anaweza kusema "threatening clouds". Anaweza kusema ukuta "is threatening to fall". Mgomo "threatens" kusimamisha treni. Hakuna mtu hapo, hakuna nia, hakuna aliyefungua mdomo. Kuna jambo baya tu ambalo liko karibu na dalili zake zinaonekana. Ukilichimba neno lenyewe unaona kwa nini iko hivo, kwenye Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, mzizi wa "threat" ulikuwa unamaanisha kundi la watu, umati, na pia kubanwa na kushinikizwa, unavyosukumwa kwenye umati hadi huna pa kwenda. Vitisho vya maneno vilikuja kutoka hapo. Kwa hiyo ndani kabisa ya hilo neno kuna ule uzito unaokusogelea, na uzito unaweza kuwa mtu, unaweza kuwa wingu, unaweza kuwa deni la benki.

Na Kiswahili je? Hapa ndo nataka tusimame kidogo manake watu wengi wanafikiri hatuna neno, wanaishia kuandika "mawingu yanatishia", wakati neno tunalo na tunalitumia kila siku tangu tukiwa watoto. Tunasema mvua inataka kunyesha. Mvua haina matakwa. Tunasema ukuta unataka kuanguka, maziwa yanataka kumwagika hebu punguza moto, gari linataka kuzima, mtoto anataka kulia mbebe. Hiyo "taka" haina uhusiano na kupenda wala kuomba, inasema jambo liko ukingoni na bado halijatokea, na bado unaweza kuwahi. Ndo "threatening" ya upande wa pili hiyo, imetulia hapo, na wala haimtafuti mtu wa kulaumu.

Mama yangu alinisaidia bila kujua. Usiku uleule baada ya kumaliza na shemeji nikampigia nimweleze, naye Kiingereza hajui hata salamu, nikamwambia mama daktari ameandika hivi na hivi, damu imetoka lakini njia ya kizazi imefunga na moyo wa mtoto umeonekana unapiga. Akanijibu hapohapo: "Ee, mimba ilitaka kutoka, haikutoka." Maneno matano. Mi nilitumia nusu saa nzima kumweleza shemeji kitu hichohicho.

Na kitabibu ndo ilivyo hasa. "Threatened" hapo maana yake mimba imeonyesha dalili ya kutaka kutoka, yani damu, pengine na maumivu kidogo ya tumbo, lakini mlango wa kizazi bado umefungwa. Mlango ukishafunguka wanabadilisha jina, inakuwa "inevitable", haizuiliki tena. Kwa hiyo katika majina yote ya namna hiyo ambayo yangeweza kuandikwa kwenye ile kadi hilo ndilo lililobeba matumaini kuliko yote, na sisi tulilisoma kama hukumu. Karibu mwanamke mmoja kati ya wanne anaona damu kwenye miezi mitatu ya mwanzo, na wengi wao mimba inaendelea, hasa moyo wa mtoto ukishaonekana unapiga. Damu yoyote kwenye ujauzito bado ni ya kukimbilia hospitali, hapo hakuna mjadala. Na hilo neno la pili, "abortion", kwa lugha ya madaktari ni mimba kutoka kabla ya wakati hata kama imetoka yenyewe, kutoa kwa makusudi ni aina moja tu kati ya aina kadhaa. Siku hizi madaktari wengi wanapenda kuandika "threatened miscarriage" kwa sababu hiyohiyo, kuna wanawake wengi wamesimangwa kwa neno ambalo halikuwa na maana hiyo.

Ukishaiona hiyo tofauti utaanza kuiona kila mahali. "Life-threatening" kwa mfano. Kwenye habari utakuta "ugonjwa unaotishia maisha" na wengine wanateleza wanaandika "ugonjwa wa kutisha", na hivyo ni vitu viwili. Upele uliotapakaa usoni unatisha kuutazama na hauui mtu, presha haitishi kabisa, mtu anatembea nayo anacheka, na inaua. Ningekuwa na uamuzi ningesema ugonjwa wa kuhatarisha maisha, au kwa mtu wa kawaida kabisa, ugonjwa unaoweza kuua. Na zile taarifa za polisi wa Marekani kwamba majeruhi ana "non-life-threatening injuries" wala usihangaike na majeraha yasiyotishia, sema ameumia lakini hayuko kwenye hatari ya kufa, kila mtu ataelewa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nawapongeza kwa hili, ukisoma taarifa zao huoni mvua inatishia mtu, wana angalizo, wana tahadhari, wana tahadhari kubwa, na ndani wanaandika vipindi vya mvua kubwa vinatarajiwa. Sisi wengine tunamaliza na dalili ya mvua ni mawingu.

Kwa wanyama nako kuna mkanganyiko wake. "Threatened species" sio wanyama waliotishwa. Orodha nyekundu ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, ina ngazi tatu ambazo kwa pamoja ndo zinaitwa "threatened". Simba yuko ngazi ya chini ya hizo tatu, tembo wa savana tangu 2021 yuko ya katikati, faru mweusi na tembo wa msituni wako ya juu kabisa, hatua moja kabla ya kuisha porini. Kwa Kiswahili wote wanne tunawaita "wanyama walio hatarini kutoweka", na inasikitisha manake anayesoma anadhani simba na faru wana hali moja. Hapa kwa kweli neno "hatarini" linatosha kwa jina la jumla, ila tunahitaji kuongeza kiwango, hatari, hatari kubwa, hatari kubwa mno, sio kutupia wote kwenye kapu moja.

Kuna matumizi mengine ambayo nayaogopa kuliko yote kwa sababu yanaharibu kazi za watu. "Feel threatened". Binti mmoja niliyekuwa namfundisha aliletewa ripoti yake ya mwaka kazini, ofisi nzima mabosi wanaandika kwa Kiingereza, kuna sentensi moja inasema wenzake wakubwa "feel threatened by her". Akaja kwangu anatetemeka, ananiambia mwalimu mi sijawahi kumtishia mtu yeyote, mi hata kupaza sauti siwezi, sasa hili ni kosa la kinidhamu nitafukuzwa? Nikamsomesha polepole. Haikusema "she threatens them", ingesema hivyo hapo kweli kuna jambo. Imesema wao ndo wanahisi. Yani anafanya kazi vizuri mpaka wakubwa zake wanaona nafasi zao zinataka kuondoka, na hiyo hofu ni ya kwao, iko vichwani mwao. Kiswahili chake ni "wanamhofia", au "wanaona atawapiku", au kwa lugha ya mtaani kabisa wanaona atawapindua. Alivyoelewa alinyamaza kidogo alafu akauliza kwa hiyo ni sifa? Nikamwambia ni sifa iliyoandikwa na mtu mwenye hofu, jibu kwa adabu na ulizia mfano wa tukio.

Kenya wana mtindo wao na neno la karibu, "menace", ukisoma magazeti yao ya Kiingereza utakutana nalo sana, nyani wanaovamia mashamba ni "menace", funza ni "menace", pombe haramu nayo hivyohivyo. Hapo maana imeshalegea, ni kero sugu au balaa tu, usije ukaandika "tishio la nyani" msomaji akafikiri wametoa tamko.

Mahakamani ndo neno linarudi kwenye ukali wake wote. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 89 kina kosa la kutishia kwa ukatili, mtu anayetishia kumjeruhi, kumpiga, kumpiga risasi au kumuua mwenzake, au kuchoma na kuharibu mali yake, kwa nia ya kumtia hofu au kumuudhi. Hiyo nia ndo moyo wa kosa. Kenya kifungu cha 223 cha sheria yao kinaongelea kutishia kuua, na kinasema wazi kwamba iwe kwa maandishi au vinginevyo, umesema mwenyewe au umesababisha kwa namna yoyote ujumbe umfikie, kifungo chake ni hadi miaka 10. Kwa hiyo ule ujumbe wa "mwambie ndugu yako ajiandae" unaopitishwa kwa mtu wa tatu nao sheria inauona.

Kitu kilichonifurahisha kama mtu wa lugha ni kesi za unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo Tanzania kifungo chake ni kuanzia miaka 30. Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba hati ya mashtaka lazima ionyeshe silaha au vitisho vilielekezwa kwa nani. Haitoshi kusema walikuwa na panga. Aliyetishiwa ni nani? Ile i ya tishia ndo inauliza swali hilohilo, huwezi kusema "alitishia" ukaishia hapo, msikilizaji atakungoja umtaje mtu, alimtishia nani. Panga lililolala chini linatisha tu.

Na hapa ndo tunafika kwenye sehemu ambayo kutafsiri kunaweza kumfunga mtu au kumwachia, tukienda upande wa pili, Kiswahili kwenda Kiingereza. Sisi Waswahili vitisho vyetu havisemi kitu. Sikiliza. "Utaona." "Utanitambua." "Hunijui wewe." "Utakiona cha mtema kuni." "Tutaonana wabaya." Hakuna kisu, hakuna moto, hakuna kuua, nyingi zina wakati ujao peke yake, na kila anayesikia anajua uzito wake kwa sauti, kwa macho, kwa historia ya hao watu wawili. Weka "utanitambua" kwa Kiingereza cha neno kwa neno, "you will recognise me", inakuwa kama mtu anakuelekeza mtakutana wapi stendi. Kwa miaka mingi shahidi alikuwa anasema kwa Kiswahili na hakimu wa mahakama ya wilaya anaandika kumbukumbu kwa Kiingereza, mpaka sheria ilipobadilishwa 2021 Kiswahili kikawa ndo lugha ya mahakama Tanzania. Nikiwaza ni "utanitambua" ngapi zilipita kwenye hayo makaratasi zikiwa zimepoa, naumia.

Tena kuna upande wa pili wake, sio kila kauli kali ni kitisho. Mtaani tuna mkwara na tuna biti. Mtu akikupiga mkwara anajua, na wewe unajua, kwamba hakuna kitakachotokea, ndo maana unamjibu usinitishie nyau. Mama anayemwambia mtoto nitakuua wewe rudi hapa, hajatishia kuua. Kumwandika huyo "she threatened to kill the child" bila kueleza ni kumtupa mama wa watu jela ya Ulaya, na wenzetu wanaoishi huko wanajua mtoto akilirudia hilo shuleni kwa Kiingereza linafika mbali.

Kwa hiyo ukienda kituoni kuripoti kwamba umetishiwa, usiseme tu "alinitishia" ukaacha mwenye kalamu ajaze mwenyewe. Sema maneno yaleyale kama yalivyotoka mdomoni mwake, kwa lugha ileile aliyotumia hata kama ni Kisukuma au Kijaluo, sema alisimama wapi, alishika nini mkononi, saa ngapi, nani mwingine alisikia, na kabla ya siku hiyo kulikuwa na nini kati yenu. Kama ni meseji usiifute, hata ukiwa huwezi kuiangalia. Na kabla hujaweka sahihi omba usomewe, na ukisikia wameandika "alinitisha" mwambie afande, samahani, naomba uongeze i, alafu uandike na aliyosema.